Kupanda Jebel Kujur: Mlima ni wa Nani?

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuutaja mwinuko wa ardhi. Mwinuko mdogo huitwa kilima. Ukiwa mkubwa, huitwa mlima. Mwamba mkubwa usiotikisika huitwa jabali, na hata mtu mwenye msimamo usioyumba huweza kusifiwa kwa jina hilo. Neno jabali tumelipata kutoka Kiarabu, nalo ndilo hilohilo ambalo wakazi wa Juba hulitamka kila siku wanaposema "Jebel". Kwa hiyo, mwanafunzi wa Juba anapokutana na jabali kitabuni, hakutani na mgeni. Anakutana na jirani aliyebadili vazi tu.

Jirani mwingine ni neno bahari. Kwetu Tanga, bahari ni maji ya chumvi ambayo ng'ambo yake haionekani. Katika Kiarabu cha Sudan, neno bahr hutumika pia kwa mto mkubwa, na ndiyo maana sehemu ya Nile Nyeupe inayopita Juba huitwa Bahr el Jebel. Mswahili wa pwani akilisikia jina hilo, atasikia "bahari ya jabali". Mimi niliyekulia kati ya Bahari ya Hindi na Milima ya Usambara nilifarijika sana nilipolisikia kwa mara ya kwanza. Mji huu hauna pwani, lakini una maji yake na una jabali lake.

Jabali hilo ni Jebel Kujur. Liko upande wa magharibi wa mji, karibu na barabara iendayo Yei. Wabari, ambao ndio wenyeji wa asili wa eneo hili, huliita Körök. Kwa kimo, si la kujivunia: mlima mrefu kuliko yote nchini Sudan Kusini ni Kinyeti, katika Milima ya Imatong, wenye mita 3,187, na Kilimanjaro ina mita 5,895. Lakini Jebel Kujur limesimama peke yake juu ya uwanda, na kitu kinachosimama peke yake huonekana kutoka mbali. Mtu aliyepotea njia mjini hutazama jabali, akajua magharibi ni wapi.

Neno kujur katika Kiarabu cha Juba humtaja mtu anayewasiliana na mizimu: mganga, mtambikaji, au mzee anayeombewa mvua. Jina la mlima, basi, laweza kufasiriwa kuwa Mlima wa Mganga. Jambo hilo halikunishangaza. Karibu na Tanga yako Mapango ya Amboni, ambamo watu wameacha matambiko yao kwa muda mrefu. Huku mawe, kule mapango. Binadamu ameona tangu zamani kwamba mahali pengine pa dunia panadai heshima, hata kama hapana mlango wala mlinzi.

Safari yetu ya kulipanda jabali hilo ilizaliwa darasani. Tulikuwa tukijifunza msamiati wa uraia, nikaandika ubaoni maneno "mali ya umma". Nilieleza kwamba mali ya umma ni kitu kilicho cha wananchi wote, nikataja mifano iliyozoeleka: barabara, shule, hospitali, daraja. Binti mmoja Mbari, ambaye nyumbani kwao ni karibu na mlima, akainua mkono. "Mwalimu," akauliza, "je, Körök ni mali ya umma? Kama ni ya umma, mbona kila siku inapungua?" Wenzake wakaanza kujibu wote kwa pamoja. Mmoja alisema mlima ni wa serikali. Mwingine alisema ni wa Wabari. Wa tatu alisema mlima ni wa Mungu, na hapo kelele zikazidi. Niliona heri tukauone wenyewe kabla ya kuujadili.

Tulichagua Jumamosi moja ya Januari, wakati wa kiangazi, kwa sababu miamba yenye unyevu huteleza. Kiangazi nacho kina adha yake. Joto la Juba si la kufanyiwa mzaha. Mnamo Machi 2024, shule zote nchini zilifungwa kwa muda kwa sababu ya joto kali. Basi tukakubaliana kukutana saa kumi na mbili kamili asubuhi. Wanafunzi mnaoanza, kumbukeni kwamba saa ya Kiswahili huhesabiwa kufuatana na jua: saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa mapambazuko, na saa moja huja baada yake, mchana unapoanza kuhesabiwa.

Tulikuwa watano: mimi, binti Mbari, muuguzi mmoja wa makamo, kijana aliyetoka Yambio na kijana aliyezaliwa Bentiu. Siku iliyotangulia, tulikwenda kumwona mzee wa mtaa na kuwaarifu askari wa eneo hilo. Kanuni yetu ya kwanza ilikuwa kutokiacha kijia kinachokanyagwa kila siku. Nchi hii imepitia vita virefu, na kazi ya kuondoa mabomu yaliyotegwa ardhini bado haijakwisha katika maeneo mengi. Kanuni ya pili ilikuwa kila mtu kubeba maji yake mwenyewe. Kanuni ya tatu ilikuwa mwendo wa kundi kuwa mwendo wa yule anayechelewa kuliko wote.

Kabla hatujauona vizuri ubavu wa mlima, tuliusikia. Ko, ko, ko: nyundo nyingi zikigonga mawe, kila moja kwa mdundo wake. Huo ndio mlio wa kokoto. Kokoto ni vipande vidogo vya mawe vinavyochanganywa na saruji, mchanga na maji ili kupata zege, na zege ndiyo inayojenga misingi, sakafu na nguzo za mji huu unaokua. Wanaume hupasua miamba mikubwa kwa nyundo nzito na mitaimbo; pengine huwasha moto juu ya jiwe ili joto lilipasue. Wanawake huketi chini, kila mmoja na rundo lake, wakiyavunja mawe hayo kwa nyundo ndogo. Wengine hulizungushia jiwe pete ya mpira iliyokatwa kutoka gurudumu kuukuu, ili vipande visiruke na kuingia machoni. Rundo likifikia kiasi cha kutosha, husubiri lori. Kuna siku lori huja, na kuna siku haliji.

Mama mmoja alitusalimu kwa Kiswahili. Alikuwa ameishi miaka mingi katika kambi ya Kakuma, nchini Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi kuliko cha wanafunzi wangu wote.

"Mwalimu, mnakwenda kutafuta nini huko juu?"

"Tunakwenda kuona, mama," nikajibu.

"Kuona nini? Mlima uko hapa chini." Akalionyesha rundo lake, akacheka, nasi tukacheka pamoja naye.

Kijana wa Yambio hakucheka. Kwao kuna misitu, naye amelelewa akisikia kwamba msitu ukikatwa ovyo haurudi. Akamwambia kwa adabu kwamba kazi hiyo inaumaliza mlima, na kwamba serikali ingefaa kuipiga marufuku.

Mama hakukasirika. Aliiweka nyundo yake chini, akauliza, "Mwanangu, nyumba unayolala ina sakafu ya nini?"

"Ya zege, mama."

"Basi wewe unalala juu ya mlima." Akaiokota nyundo yake. "Watoto wangu watatu wanasoma kwa mawe haya. Mkitaka kuufunga mlima, fungeni. Lakini njooni kwanza mniulize nitawalisha nini. Tangu nianze kukaa hapa, watu wengi wamepita wakisema mlima unaisha. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali."

Tulimshukuru, tukaendelea. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Mwanzoni kijia kilikuwa kipana, kisha kikawa chembamba, na hatimaye kikapotea kati ya mawe makubwa, ikabidi tutumie mikono. Nyasi kavu zilikuwa zimefika kiunoni. Changarawe ziliserereka chini ya viatu, na kila aliyepiga hatua alimwonya mwenzake wa nyuma. Pale mawe yalipochukuliwa karibuni, mwamba ulikuwa na rangi iliyopauka na safi, tofauti na sehemu nyingine iliyokolea weusi kwa jua na mvua za miaka mingi. Binti Mbari alituonyesha jiwe moja kubwa ambalo bibi yake alimkataza kulikalia alipokuwa mtoto. Alisema zamani yalikuwapo mawili.

Muuguzi alichoka kabla yetu. Kanuni ya tatu ikaanza kufanya kazi: alipoketi, tuliketi, alipoinuka, tuliinuka. Vijana wawili walitaka kutangulia, nikawazuia. Tuliposimama mara ya nne, yeye ndiye aliyeona kwamba kijana wa Bentiu alikuwa ameacha kutoka jasho na anaongea kwa shida, akamlazimisha anywe maji na kukaa kivulini. Pengine, laiti tungalitembea kwa mwendo wa wenye nguvu, tusingelikuwa na mtu wa kuona hilo.

Tulifika kileleni jua likiwa limekwisha kupanda. Mwewe walizunguka angani, wengine chini yetu, na ni ajabu kumtazama ndege kutoka juu. Upande wa mashariki, mji ulikuwa umetandazwa kama mkeka wa mabati, na nyuma yake mto uling'aa. Kutoka juu, mtu hawezi kutambua ni wapi mtaa wa kabila hili unaishia na wa kabila lile unaanzia. Lakini sitaki kuwadanganya, wapenzi wasomaji, kwamba mlima hufuta tofauti. Kijana wa Bentiu aligeuka upande mwingine, akatazama uwanda ulio chini ya jabali, magharibi ya mji, ambako maelfu ya watu walikimbilia hifadhi ya Umoja wa Mataifa baada ya vita kuanza Desemba 2013. Mapigano ya Julai 2016 yalifika hadi huko. "Nimeishi pale miaka mitano," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa nikiuona mlima huu, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuupanda kwa hiari yake." Muuguzi alimshika bega. Hakuna aliyemdai maelezo zaidi.

Kusini tuliona kilima cha Rejaf. Hapo niliwasimulia habari inayotuhusu sisi watu wa lugha. Mnamo 1928, wakati wa utawala wa Uingereza, ulifanyika Rejaf mkutano mkubwa kuhusu lugha za kufundishia katika shule za kusini mwa Sudan. Walihudhuria maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisionari, na mtaalamu wa lugha Mjerumani, Diedrich Westermann. Mkutano ulichagua lugha kadhaa za wenyeji, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishiluk, Kilatuko na Kizande. Kiswahili hakikuwamo. Kazi ile ilikuwa na faida yake, kwa kuwa vitabu vilichapishwa na watoto wakasoma kwa lugha walizozielewa. Hata hivyo, wenye kuzinena lugha hizo hawakuwa ndio walioamua. Lugha zilijadiliwa kama mawe: lipi lichukuliwe, lipi liachwe.

"Kama mama yule," akasema binti Mbari. "Watu wanapita, wanasema, hawamuulizi."

Nami nakiri kwamba darasa lile la kileleni lilifundishwa na yeye. Swali lake la awali lilikuwa mlima ni wa nani, na sheria ina la kusema juu yake. Katiba ya Mpito ya Jamhuri ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, katika Ibara ya 170, inatamka kwamba ardhi yote ya Sudan Kusini ni mali ya wananchi wa Sudan Kusini, na matumizi yake husimamiwa na serikali. Angalieni vitenzi viwili hivi, wanafunzi: kumiliki na kusimamia. Anayesimamia si lazima awe anamiliki. Msimamizi wa shamba hulitunza kwa niaba ya mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kumuuliza mavuno yamekwenda wapi. Katiba hiyohiyo inampa kila mtu na kila jamii haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na inataka jamii na watu wenye haki katika ardhi washauriwe katika maamuzi yanayoweza kuathiri haki hizo.

Washauriwe. Hilo ndilo neno ambalo mama wa kokoto alilitafuta. Yeye hakusema mlima ni wake peke yake, wala hakudai auvunje hadi uishe. Alitaka aulizwe. Na akiulizwa, ana mengi ya kusema kuliko sisi tuliopanda na kushuka kwa siku moja. Anajua ni upande gani mawe huporomoka baada ya mvua. Anajua ni nani aliyeumia jicho na hakupata matibabu. Anajua bei hupangwa na nani, na kwa nini mwenye lori hupata zaidi ya mwenye nyundo. Anajua pia kwamba mlima unaisha. Kila mwaka yeye na wenzake husogea juu zaidi kutafuta jiwe.

Sitaki kulifanya jambo hili liwe jepesi. Kijana wa Yambio ana hoja. Jiwe likishavunjwa haliotI tena, na mji usio na jabali lake utakuwa umepoteza alama yake, kumbukumbu ya wazee wake na mahali pa kupumzikia watoto wake. Mama naye ana hoja. Mtoto anayehitaji ada mwezi huu hawezi kuambiwa asubiri hadi mjadala wa mazingira ukamilike. Yapo mambo yanayoweza kufanywa kati ya kufunga na kuacha: kutenga sehemu za kuchimba na sehemu zisizoguswa, kuheshimu mawe yenye historia kwa wenyeji, kuwapa wachimbaji miwani ya kukinga macho, kuwasaidia kuungana ili wauze kwa bei ya haki. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo litakalodumu iwapo litaamuliwa na watu wasiokaa chini na kuzungumza na wanaoshika nyundo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na wengi wenu huniambia mnajifunza lugha hii kwa ajili ya biashara, kazi au safari za Kampala na Nairobi. Hayo ni malengo mema. Nawaomba muongeze moja. Mama yule ni Msudani Kusini aliyekipata Kiswahili ukimbizini, akarudi nacho nyumbani. Kijana wa Yambio hajui Kibari, na mama hajui Kizande. Siku ile walizozana, wakasikilizana, na wakaagana kwa heshima kwa lugha ambayo si ya kwanza kwa yeyote kati yao. Wahenga walisema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Wakikutana, sharti wawe na lugha ya kuulizana.

Kwa hiyo, kazi ya wiki hii si kuandika insha ya kuusifu mlima. Kila mmoja wenu achague kitu kimoja cha umma kilicho karibu naye: kisima, soko, mti wa kivuli, kiwanja cha mpira, au kipande cha ukingo wa mto. Amtafute mtu mmoja ambaye riziki yake inategemea kitu hicho. Aandae maswali matano kwa Kiswahili sanifu, akianza na maneno ya adabu kama "samahani, naomba kukuuliza" au "ungependa". Maswali yasiwe ya kumhukumu mtu, wala yasiwe na majibu ndani yake. Kisha asikilize, na aandike aliyoyasikia bila kuyapamba.

Binti Mbari amekwisha kuniletea maswali yake, na nimepata ruhusa yake ya kuwaonyesha moja, ambalo atamuuliza mama wa kokoto Jumamosi ijayo: "Mama, ungependa mwanao akifika umri wako aukute mlima huu ukiwa na nini?" Nimesahihisha herufi mbili tu.